"Yuko Nyumbani Tu": Neno kwa Vijana Kuhusu Vikundi vya Akina Mama

(Maandishi ya hotuba iliyotolewa kwenye kikao cha vijana, Mombasa)

Alhamdulillah, sifa zote njema ni za Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), jamaa zake na maswahaba zake. Ndugu zangu, dada zangu, mlioketi hapa na nyinyi mtakaoisoma hii baadaye kwenye simu, shukran kwa muda wenu. Nimepewa mada ya vijana na harakati za haki. Mtanisamehe, lakini nitaanza na mamako.

Ukiulizwa mamako anafanya kazi gani, wajibu nini? Wengi wetu twasema, "Hana kazi, yuko nyumbani tu." Na hata kwenye fomu za shule twaandika hivyo hivyo, mama wa nyumbani, kisha tunaruka mstari unaofuata. Leo nataka tusimame hapo hapo kwenye hiyo "tu".

Hebu jiulize. Nani anajua ni mtoto yupi hapo nyumbani hana cheti cha kuzaliwa? Kadi ya kliniki yako ya utotoni iko wapi saa hii? Nakuhakikishia haiko kwa babako. Iko ndani ya mfuko wa plastiki, mfuko uko ndani ya kasha au chini ya godoro, na mwenye kujua ni mmoja. Nani alipanga foleni hospitalini tangu alfajiri? Nani aliitwa shuleni karo ilipochelewa, akasimama mbele ya mwalimu mkuu akaomba wiki mbili? Na kijana wa mtaani akichukuliwa usiku, mtu wa kwanza kufika kituoni mara nyingi si wakili na si sisi wanaharakati. Ni mama, na leso yake, na chai kwenye thamosi.

Basi hoja yangu ya leo ni hii moja. Haki zote tunazozipigia kelele, kipande, shule, matibabu, usalama mbele ya polisi, zinapita kwanza mikononi mwa mama wa nyumbani. Akina mama hawa wakijipanga pamoja wakapata elimu, mtaa mzima unapata ngome. Wakiachwa kila mmoja peke yake na mfuko wake wa karatasi, hata tuandamane vipi, haki itatuponyoka kwenye dawati la ofisi.

Huku Kisauni kuna kikundi cha akina mama ambacho nimekuwa nikifanya kazi nacho. Wako 24. Hawalipwi. Wanakutana Jumamosi baada ya Alasiri, barazani kwa mmoja wao, watoto wakicheza pembeni. Wengine wanauza viazi karai na mahamri, wengine wanashona, wengine hawauzi chochote, wanalea. Ukipita pale utadhani ni kikao cha harusi. Lakini kaa kidogo usikilize.

Kwanza kuna somo. Wiki hii anakuja muuguzi kueleza juu ya lishe ya mtoto mchanga na chanjo. Wiki ijayo ni mwalimu wa shule anawaeleza vile mtaala mpya unavyokwenda, kwa sababu mama anaambiwa mtoto alete boksi, gundi na manila na hajui ni za nini. Wiki nyingine ni ustadhi na darsa la mirathi, mwanamke anapata nini mumewe akifa, na aanzie wapi kwenye mahakama ya Kadhi. Hiyo mahakama iko ndani ya Katiba, Kifungu cha 170, lakini wajane wangapi mtaani kwetu wamenyang'anywa nyumba na shemeji zao kwa kuwa hakuna aliyewaambia?

Baada ya somo ni habari za mtaa. Nani kajifungua, nani kafiwa, nani hajaonekana siku tatu. Hapo wanagawana kazi. Wawili watakwenda kumpikia mzazi, wawili watakaa na mgonjwa, mmoja atampeleka bibi kizee kliniki ya presha. Mwisho kabisa ni mchango, na daftari linasomwa kwa sauti, kila mtu asikie.

Nitawapa kisa kimoja. Kuna binti alimaliza kidato cha nne, akafaulu, akapata nafasi ya chuo. Hakuwa na kitambulisho. Bila kipande hapati mkopo wa HELB, hawezi hata kusajili laini yake ya simu. Na hakupata kipande kwa sababu hakuwa na cheti cha kuzaliwa, kwa kuwa alizaliwa nyumbani kwa mkunga na hakuna aliyeandikisha. Sheria yetu inataka kuzaliwa kwa mtoto kuandikishwe ndani ya miezi sita. Ikipita hapo, unaingia mlango wa usajili wa kuchelewa, na mlango huo una maswali mengi.

Sisi vijana tulikuwa tayari kuandika posti kali. Akina mama walifanya jambo jingine. Walimtafuta yule mkunga, wakamkuta bado yu hai. Wakatafuta kadi ya kliniki kwenye mfuko. Wakaenda shule ya msingi wakaomba barua. Wakamchukua mkunga, wakamchukua mama wa binti, wakaenda nao kwa chifu, na waliporudishwa wakaenda tena, zamu kwa zamu, ili mama yule asikose siku zote za biashara yake. Ilichukua miezi, lakini cheti kikatoka, na kipande kikafuata. Kisha wakafanya la maana zaidi. Walizunguka nyumba kwa nyumba kuuliza, hapa kuna mtoto asiye na cheti? Waliowapata wachanga wakawaandikisha mapema, kabla mlango haujafungwa.

Ndugu zangu, hilo ndilo ninaloita harakati za haki.

Na msidhani suala la karatasi ni dogo. Sisi Waislamu wa nchi hii twajua uchungu wa kuulizwa kwenye dawati, "Wewe ni wa wapi hasa?" Wanubi wa Kibera wameishi Kenya vizazi kwa vizazi, na ilibidi kesi ya watoto wao ifike kwenye Kamati ya Afrika ya Wataalamu wa Haki na Ustawi wa Mtoto, ambayo mwaka 2011 iliamua kwamba Kenya ilikiuka haki za watoto hao. Ndugu zetu Wapemba wa huku Pwani walikaa miaka na miaka bila uraia hadi walipotambuliwa mwaka 2023. Februari 2025 Rais alitia saini huko Wajir amri ya kuondoa ule msasa wa ziada waliokuwa wakipitishwa watu wa kaunti za mpakani wanapoomba vitambulisho. Ni hatua, tuseme alhamdulillah. Lakini amri ni karatasi, na karatasi inahitaji mtu wa kuisimamia pale dirishani. Kifungu cha 12 cha Katiba kinasema kila raia ana haki ya pasipoti na hati za usajili. Mama anayekijua kifungu hicho haondoki kirahisi akiambiwa njoo wiki ijayo.

Sasa kuna wanaosema, haya mambo ya akina mama kujipanga ni ya kuletwa, ni ya wafadhili. Tusomeni historia yetu. Hapa Mombasa, bibi zetu walikuwa na vyama vya lelemama tangu zama za mwanzo wa ukoloni. Ibinaal Watan na Banu Saada, waulizeni wazee, majina hayo yalitingisha mji. Watu wanakumbuka ngoma na mashindano yake, na kweli kulikuwa na gharama na israfu ambazo wanazuoni walizikemea. Lakini ndani yake kulikuwa na uongozi, vyeo, michango, na kusaidiana kwenye harusi na matanga. Wanawake walijifunza humo namna ya kuendesha chama.

Wakati huo huo Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, mwanachuoni mkubwa ambaye baadaye alikuwa Kadhi Mkuu, alianzisha gazeti la Al-Islah mwaka 1932 na akahimiza jamii iamke kwa elimu, na watoto wa kike wakiwemo. Na ilipofika miaka ya 1950, wanawake wa Kiislamu wa mji huu wakaunda vyama vya aina mpya, Muslim Women's Institute na Muslim Women Cultural Association, vya elimu na huduma kwa jamii.

Na lipo moja ambalo kila binti hapa yafaa alijue. Serikali ya kikoloni iliwapa kura wanaume wa jamii ya Waarabu wa Pwani, wanawake wao ikawaacha nje. Mwaka 1957 wanawake wa Mombasa wakaandika ombi, wakalitia saini, wakadai kura yao. Na kura wakaipata. Hawa ni wanawake wa buibui, waliokuwa wakiitwa "wako ndani tu". Ukitaka kuwasikia wenyewe, kitafute kitabu cha Sarah Mirza na Margaret Strobel, Three Swahili Women, cha mwaka 1989. Humo wanawake watatu wa Mombasa wanasimulia maisha yao kwa vinywa vyao.

Na tukirudi nyuma zaidi kwenye dini yetu, mambo yako wazi. Bibi Aisha (RA) alipoulizwa Mtume (SAW) alikuwa akifanya nini nyumbani, alieleza kwamba alikuwa akiwahudumia watu wake, na wakati wa sala ukifika hutoka kwenda kusali. Basi wewe kijana unayeona haya kuosha sahani yako, unamfuata nani? Bibi Shifaa bint Abdillah alimfundisha Bibi Hafsa kuandika. Bibi Rufaida alihudumia majeruhi katika hema yake Madina. Elimu na huduma ya wanawake kwa jamii ni sunna tuliyoiacha ikaota vumbi.

Tuje kwenye pesa, maana mtaniuliza, watu hawa wanapata wapi? Nitawapa hesabu rahisi. Tangu Oktoba 2024 NHIF haipo, tuna SHA. Asiye na kazi ya mshahara hupimiwa kiwango chake, na cha chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi, lakini hulipwa ya mwaka mzima kwa pamoja. Hiyo ni shilingi 3,600. Mwambie mama wa viazi karai atoe 3,600 leo, atakucheka. Lakini akiweka shilingi 70 kila Jumamosi kwenye kikundi, mwaka ukiisha ana 3,640. Bima ya nyumba imelipwa na salio la andazi limebaki. Kusajiliwa wenyewe hufanywa kwa simu yoyote, hata kabambe, ukibonyeza *147#. Kikundi cha Kisauni kilimkalisha kila mama, mmoja mmoja, mpaka akasajiliwa na watoto wake wakaandikwa. Na mwenye shida ya ghafla anakopeshwa kwa qardh hasan, arudishe kile kile alichochukua. Hakuna riba, na hakuna simu za vitisho kutoka kwa programu za mikopo ambazo zimewadhalilisha wengi wetu humu, tuseme ukweli.

Pia kuna somo la polisi. Hili tulilifanya pamoja, na nataka mlibebe nyumbani. Kifungu cha 49 cha Katiba kinampa aliyekamatwa haki ya kuambiwa sababu kwa lugha anayoifahamu, haki ya kunyamaza, haki ya kuwasiliana na wakili na watu wengine atakaohitaji msaada wao, na haki ya kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24, au siku ya kwanza ya mahakama kama saa hizo zimeishia usiku au wikendi. Kutokana na hayo tukatengeneza maswali matano ambayo mama akifika kituoni anayauliza kwa adabu na kuyaandika. Mwanangu yuko kituo hiki? Ameshikwa kwa kosa gani? Namba ya OB ni ngapi? Afisa anayeshughulikia ni nani? Atapelekwa mahakama ipi, lini? Mama mwenye majibu matano kwenye daftari akimpigia wakili, wakili anaanza kazi hapo hapo. Mama mwenye kilio peke yake, masaa yanapotea. Na nyinyi mnajua kwetu masaa yakipotea, wakati mwingine mtu pia hupotea.

Sasa tahadhari, maana sikuja kupaka mafuta.

Ya kwanza ni wanasiasa. Uchaguzi ni Agosti 2027 na leso zimeshaanza kuchapishwa. Kikundi chenye akina mama 24 ni mali kwa mgombea. Atakuja na tenti, na viti, na bahasha. Kumbukeni Maendeleo ya Wanawake. Ilianza mwaka 1952, zama za ukoloni, ikiwa ni vilabu vya kufundisha akina mama mapishi, ushonaji na usafi wa nyumba, ikakua ikawa shirika la wanawake la nchi nzima. Mwaka 1987 ikafungwa pamoja na KANU, chama kilichokuwa kikitawala peke yake, na sauti ya akina mama ikawa sauti ya chama. Ilichukua kurudi kwa vyama vingi ndipo ikajinasua. Kwa hiyo mwanachama apige kura anavyotaka, lakini kikundi kisivalishwe sare ya mtu.

Ya pili, kujitolea kusiwe kisingizio cha serikali kulala. Kifungu cha 53 kinasema elimu ya msingi ni bure na ni lazima kwa kila mtoto, na cha 43 kinataja afya, chakula, maji na makazi. Akina mama wakichangishana kununua dawa kwa sababu zahanati haina, wafanye, lakini barua iandikwe siku hiyo hiyo, ipelekwe kwa MCA na kwa ofisi ya afya ya kaunti, nakala ipigwe muhuri. Mchango unamsaidia mgonjwa wa leo, barua inamsaidia wa kesho.

Ya tatu, daftari. Vikundi vingi vimekufa kwa shilingi elfu mbili zisizojulikana ziliko. Andikisheni kikundi. Sheria ya usajili wa vikundi vya kijamii ya mwaka 2022 inataka angalau watu 10, na katiba ya kikundi, kisha mnaweza kufungua akaunti na kuingia kwenye mipango ya kaunti mkiwa na jina. Watia saini wawe watatu, na hesabu isomwe kila kikao, hata kama ni shilingi 140.

Ya nne ni sisi wanaume. Wapo akina baba wanaosema, huko kwenye kikundi wanafundishwa ujeuri. Njoo usikilize, mzee wangu. Kikao ni barazani, hakuna siri. Na kama mkeo amerudi anajua haki ya mwanao hospitalini, nani kafaidika?

Naelekea mwisho. Nyinyi vijana mwaingia wapi? Nina maombi manne, na hayahitaji bajeti.

Wewe mwenye simu nzuri na lugha ya ofisi, toa saa mbili kwa mwezi. Kikundi cha akina mama mtaani kwako wanahitaji mtu wa kuwajazia fomu za eCitizen, kuwasomea barua ya Kiingereza, kuwaangalizia tarehe za basari za kaunti na NG-CDF kabla hazijapita. Usiwadai pesa ya saiba, na usiweke nambari yako badala ya yao.

Wewe uliye chuo, beba somo moja. Anayesoma uuguzi azungumze juu ya presha na sukari. Anayesoma sheria aeleze talaka na matunzo ya watoto. Anayesoma uhasibu awapangie daftari. Sema Kiswahili cha nyumbani, na uwe tayari kusahihishwa, maana pale utakuta mama aliyelea watoto saba bila mshahara, anajua uchumi kukushinda.

Wewe mwenye hasira ya haki, na ninakupenda kwa hasira hiyo, kajifunze subira ya foleni kwa akina mama hawa. Harakati zetu za vijana zina tabia ya kuwaka wiki tatu halafu kimya. Wale wamekutana Jumamosi baada ya Jumamosi, mvua na jua, Ramadhani na baada yake. Hatuna upungufu wa watu wa kushika kipaza sauti. Tuna upungufu wa watu wa kurudi ofisini mara ya tano.

Na la nne ni la nyumbani kwako, leo usiku. Kaa na mamako. Mwambie autoe ule mfuko. Angalieni pamoja: vyeti vya kuzaliwa vya watoto wote vipo? Kadi za kliniki? Cheti cha ndoa? Karatasi ya kiwanja? Cheti cha kifo cha babu, ambacho bila hicho mirathi haisogei? Piga picha kila moja, zihifadhi mahali salama. Kinachokosekana andika. Hiyo orodha ndiyo kazi yako ya mwezi huu. Ukiimaliza, nenda nyumba ya pili, ubishe hodi, uulize kama kuna mtoto asiye na cheti.

Ewe Mola wetu, warehemu mama zetu kama walivyotulea tulipokuwa wadogo. Waliotangulia uwape makao mema, walio hai uwape afya na hishima wanayostahiki. Waregeshe salama waliopotea, wape subira wanaowasubiri. Tujaalie tuwe watu wa kutenda, si wa kusema peke yake. Amin.

Wabillahi tawfiq. Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.